Kitambaa Kilichobaki

3 Julai

Mdogo wangu,

Hapa nyumbani mama anakula kidogo, cherehani inakula uzi, na mimi najikaza kisabuni. Hata wiki mbili hazijaisha tangu urudi kazini baada ya maziko, na tayari nakuandikia, kwa hiyo umeshajua kwamba barua hii haikuja kukusalimu. Kaa chini kwanza ndipo uendelee.

Tuliyemzika si Ngazi.

Usiseme dada yako amechanganyikiwa. Tangu machimbo ya mawe yaporomoke Septemba iliyopita yakamfukia ndugu yetu wa kike na wenzake kumi, nimelia mpaka machozi yameniona mimi ni kero. Akili yangu sasa imetulia kuliko ilivyowahi kutulia. Hospitali ilipotuletea lile sanduku, wewe ulikuwa nje unapokea watu. Ndani tulikuwa mimi na mama. Mama alitaka kuifunga mifupa ya mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimekata sanda kwa kipimo cha Ngazi ninachokijua. Tuliipanga ile mifupa juu ya kitambaa kama mtu aliyelala. Nilipoushika mfupa wa paja nilijua. Miaka ishirini na sita napima watu, mdogo wangu. Mtu akivuka barabara mbele ya duka langu najua suruali yake ni inchi ngapi. Ule haukuwa mfupa wa mtu aliyekuwa akiinama kila siku kuingia jikoni kwetu. Na mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, ulikuwa na fundo, mahali palipovunjika zamani pakaunga vibaya. Ngazi hakuwahi kuvunjika hata kidole.

Sanda ilizidi kwa zaidi ya nusu mita. Mama akaikata ile ziada kwa mkasi wangu, akaikunja, akasema, "Kitambaa kimebaki." Akaiweka kabatini mwake. Wewe ulikuwa unabisha mlango, watu wamesimama juani, kaburi liko wazi. Nikafunga kamba nikanyamaza, na nikakufungulia mlango.

Sasa sikia linaloniuma zaidi. Aprili ulipokuwa likizo, wewe ndiye uliyejaza ile fomu ya hospitali, na vipimo ulinakili kwenye daftari langu, ukurasa wenye jina la Ngazi. Vile vipimo ni vya uongo, na mwongo ni mimi. Unamkumbuka yule dereva aliyetaka kumuoa? Shangazi zake walikuwa wanakuja dukani kwa kisingizio cha kushona, macho yote kwenye daftari. Ngazi akanijia usiku wa kuamkia siku yao ya kuja, amekaa sakafuni na miguu yake imevuka chumba kizima, akaniambia, "Dada, niandike kama mwanamke." Nikamwandika mabega kumi na tano, nyonga arobaini na moja, mkono ishirini na mbili, yaani mwanamke yeyote wa sokoni. Vipimo vyake vya kweli viko nyuma ya daftari, kwenye kurasa za wanaume, chini ya jina "Mwashi". Kila gauni alilovaa nililikata kwa karatasi ya shati la kiume, nikadanganya nyonga kwa marinda. Shangazi wakasoma, wakaridhika, na dereva akaoa mwingine.

Basi hospitali walitafuta mwenye mabega kumi na tano, na wakampata. Huyu tuliyenaye ni mtoto wa mtu. Na Ngazi yuko wapi? Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Fundi

—

19 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma karakana, miwani ya kuchomelea ikiwa bado usoni, na niliacha iwe hapo hapo ili wenzangu wasinione.

Kwanza mimi nina hatia yangu. Niliponakili zile namba nilishangaa. Pembeni ya fomu niliandika kwa kalamu neno "mrefu", nikapiga mstari chini yake. Lakini fundi ni wewe. Nani katika nyumba yetu aliwahi kubishana na daftari lako? Nikasema labda mwanamke hupimwa kivingine, mimi najua vyuma tu.

Pili, nakuomba uache. Funika kombe mwanaharamu apite. Kwa miezi tisa mama alikuwa anaamka kila mlango ukilia. Sasa ana mahali pa kwenda kukaa jioni. Ukimwambia leo kwamba pale hapana mwanawe, utakuwa umemfukia Ngazi mara ya pili, na safari hii kwa mikono yako. Moyo wake daktari alishausema. Wewe unataka haki ya mifupa, na mimi namtaka mama aliye hai.

Nilipokuwa nyumbani taa ya sebuleni iliungua. Ilibidi nipande kiti, na juu ya kiti niweke ndoo. Ngazi alikuwa akiibadilisha huku anazungumza nasi, mkono mmoja, bila hata kuinua kisigino. Nilikaa juu ya ile ndoo nikalia kama mtoto. Sikukwambia. Sasa tumeambiana yote, tuishie hapo.

Mdogo wako

—

1 Agosti

Kwa Mpimaji wa mifupa,
Chumba cha maiti, Hospitali ya Wilaya

Ndugu,

Mimi ni dada mkubwa wa mwanamke mpasuaji mawe aliyefukiwa machimboni, yule ambaye mifupa yake, kwa maneno yenu, mlitukabidhi Juni kama seti namba nne. Nashukuru kwa kazi yenu. Hata hivyo naamini kuna makosa. Mifupa tuliyopewa ni mifupi kuliko ya ndugu yangu, na mkono wa kushoto una alama ya kuvunjika ambayo yeye hakuwa nayo.

Nauliza mambo mawili. Je, kulikuwa na seti nyingine ndefu? Na je, iko wapi?

Nakuomba unijibu mimi kwa anuani ya duka, si ya nyumbani. Mama yangu ni mgonjwa.

Fundi cherehani

—

16 Agosti

Ndugu Fundi,

Pole na msiba. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu wengi huniuliza kama ulivyouliza, na hujui ninavyofanya kazi.

Miili mingi tuliitambua kwa nguo na meno. Mwishoni zilibaki seti mbili, na watu wawili waliokosekana, mwanaume mmoja na mwanamke mmoja. Mfupa unaotenganisha jinsia vizuri kuliko yote ni nyonga, kwa kuwa ya mwanamke ni pana na imefunguka. Lakini mitambo ilipofukua kifusi, nyonga za wote wawili zilisagwa. Kipimo cha vinasaba kinafanyika maabara ya mbali. Tuliomba fedha hizo kwa wenye machimbo, hatukujibiwa. Ikabaki nipime paja, mkono na bega, nilinganishe na jedwali la wastani. Kwa wastani mwanaume ana paja refu, mkono mrefu, bega pana, na kichwa cha mfupa kikubwa. Seti namba tisa ilikuwa na vyote hivyo, na ikapita hata wastani wa wanaume. Seti namba nne ilikuwa fupi na nyembamba. Tena vipimo mlivyotuletea ninyi wenyewe vilikubaliana na namba nne karibu sentimita kwa sentimita. Pembeni mtu aliandika "mrefu". Mrefu ni neno tu, kwa mtu mfupi kila mtu ni mrefu. Nilifuata namba.

Seti namba tisa ilikabidhiwa kwa familia ya kijana aliyekuwa amekosekana, na wameshamzika. Faili limefungwa. Nakushauri, kama binadamu, umwache ndugu yako apumzike.

Mpimaji

—

25 Agosti

Ndugu Mpimaji,

Nimesoma barua yako mara tatu, na ya tatu niliisoma nikiwa na daftari langu mapajani. Umeniambia ukweli wako, sasa mimi nikwambie wangu, ingawa naona aibu mpaka kalamu inateleza.

Vipimo mlivyopewa nilivibuni mimi, miaka saba iliyopita, ili ndugu yangu apate mume. Nilimwandika mwanamke wa wastani. Ndiyo maana jedwali lako lilimpenda. Nimekata ukurasa wa kweli kwenye daftari kwa wembe na nimeuweka humu ndani. Jina juu yake ni "Mwashi", lakini ni yeye. Mabega kumi na nane na nusu. Nyonga thelathini na sita. Mkono kutoka bega hadi kifundo, ishirini na sita. Mguu kwa ndani, thelathini na nne. Chukua, ulinganishe na namba tisa.

Kuhusu wastani, mimi pia nautumia. Nina karatasi za kukatia nguo za kiume na za kike, bega pana huku, nyonga pana kule, na watu wengi huingia humo bila taabu. Lakini wastani wenyewe haujawahi kuingia dukani kwangu kushonewa. Wanaoingia ni watu, mmoja mmoja. Amekuja mwanaume mwenye kiuno cha dada yake, na nimeshona gauni la harusi kwa karatasi ya koti la kiume. Ningekuwa nakata kwa jedwali tu bila kumpima mtu kwa futi, nusu ya mji ingetembea imebanwa kwapa.

Sikulaumu zaidi ya ninavyojilaumu. Kosa lako lilizaliwa na uongo wangu. Lakini lile fundo la mkono wa kushoto sikulidanganya mimi, na katika kurasa zako mbili hukuligusa hata kwa neno moja. Kwa nini?

Mama yangu anaisha. Daktari anasema moyo umechoka, hahesabu miezi mingi. Nataka mwanawe arudi nyumbani kabla hajafumba macho, na nataka yule mwingine arudi kwa mama yake. Nakusihi.

Fundi

—

30 Septemba

Mdogo wangu,

Nilikuahidi kwa kunyamaza kwamba ningeacha, na sikuacha. Nimemwandikia Mpimaji. Siku thelathini na sita zimepita na hajajibu. Nimetuma ukurasa wa pekee wenye vipimo vya kweli vya Ngazi, nimeukata daftarini kama mjinga, na sasa sina hata kivuli chake.

Mama hali yake imeshuka. Miguu imevimba, analala ameegemea mito. Lakini kila jioni anataka apelekwe kule makaburini, na mimi humwachia nafasi, nasimama langoni. Juzi upepo ulinipelekea sauti yake. Alikuwa anasema, "Pole, baba. Pole na ugeni." Nikajua akili imeanza kumtoroka. Hata jina la Ngazi halitaji tena akiwa pale.

Na kuna la kibao. Fundi wa mawe amekuja mara mbili kutaka jina la kuchonga. Mama anamwambia, "Acha kwanza." Mara ya pili nilimbembeleza, nikamwambia mama, kaburi bila jina si vizuri. Akaniangalia kama ananipima mimi sasa, akasema acha kwanza, mwanangu, jina halina haraka. Nilidhani hajakubali kwamba Ngazi amekufa. Nikaenda jikoni nikajifungia.

Unaweza kuomba ruhusa ya kuja? Sitakuomba unisaidie na lile jingine. Njoo umwone mama tu.

Dada yako

—

14 Oktoba

Ndugu Fundi,

Barua yako ya Agosti ilinifikia tarehe 29. Niliisoma, nikaichukua ile karatasi ya Mwashi, nikafungua faili la namba tisa, nikalinganisha. Kisha nikaitia barua yako kwenye droo na kufunga kwa ufunguo. Imekaa humo karibu wiki saba. Sitakudanganya kwamba ilipotea posta.

Uliuliza kuhusu fundo. Ile familia nyingine ilipojaza fomu yao haikuwa na vipimo vya fundi. Waliandika mstari mmoja tu, kwamba kijana wao alivunjika mkono wa kushoto akiwa na miaka tisa. Nililiona fundo kwenye namba nne siku ile ile niliyoipima. Nikasema, wanawake nao huvunjika mikono. Mfupa ulikuwa mfupi na mwembamba, na jedwali lilishaniambia ni mwanamke, kwa hiyo fundo nikaliona kama jambo dogo. Namba tisa haikuwa na fundo lolote, na hilo pia nikalifunika kwa jedwali. Nina miaka minne kabla ya kustaafu na mkubwa wangu hapendi faili lifunguliwe upya. Hizo ndizo sababu zangu zote, hakuna nyingine iliyojificha nyuma.

Jana amekuja mzee kutambua mwanawe wa ajali ya barabarani. Akauliza kama nina uhakika. Nikashindwa kusema ndiyo. Miaka yote hii sijawahi kushindwa kulisema hilo neno.

Nimeandika ripoti ya kosa langu na kuipeleka kwa mkubwa. Kufukua makaburi kunahitaji kibali cha ofisi ya wilaya, na kibali kinahitaji saini ya ndugu wa karibu kutoka kila upande. Fomu mbili nimeziambatisha. Anuani ya mama wa kijana iko nyuma ya karatasi hii, na sikuwa na haki ya kukupa. Nimeona ni bora asikie kutoka kwako kuliko kwa mhuri.

Mpimaji

—

20 Oktoba

Mama Punje,

Hunijui. Mimi ni fundi cherehani, na ndugu yangu alikuwa mpasuaji mawe pamoja na mwanao. Sijui namna nzuri ya kusema ninalotaka kusema, na nimechana karatasi nne. Naona afadhali nikate moja kwa moja.

Mwanao yuko kwetu. Hospitali ilibadilisha mifupa. Ndugu yangu alikuwa mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, mwanao nasikia alikuwa kijana mdogo wa umbo, na waliopima walifuata desturi ya miili badala ya miili yenyewe. Mkono wake wa kushoto una fundo chini ya kiwiko. Nililigusa mimi mwenyewe, na sikujua ni la nani. Mliyemzika ninyi ni wa kwetu.

Sehemu ya kosa hili ni yangu. Niliandika vipimo vya uongo vya ndugu yangu zamani, na siku ya maziko nilijua kwamba si yeye, nikanyamaza. Miezi minne nimemwacha mwanao katika ardhi ya wageni kwa sababu ya kunyamaza kwangu. Ukinitukana, una haki.

Nakuomba saini katika fomu hii. Mama yangu ni mgonjwa sana.

Fundi, dada yake Ngazi

—

4 Novemba

Wewe Fundi,

Nafagia shule, na barua yako niliisoma darasani, watoto wameshaondoka. Nilikaa kwenye kiti cha mtoto mpaka giza.

Sikutukani. Nilitaka, na matusi ninayo ya kutosha, lakini ulivyoandika "nililigusa mimi mwenyewe" niliyaacha. Alianguka kutoka bati la choo, alikuwa anaziba tundu ili nisilowe. Miaka tisa. Mganga aliufunga ule mkono vibaya, na mwanangu hakulia, alisema usijali mama, ni mkono wa kushoto. Tulimwita Punje kwa sababu alizaliwa hivyo na akabaki hivyo. Amevaa viatu vya wanafunzi mpaka anafukiwa. Kule machimboni alikwenda ili baba yake aache kumcheka.

Sasa nikwambie la baba yake. Siku sanduku lilipokuja sikuruhusiwa kufungua, alifungua yeye. Akatoka nje akiwa amebadilika uso. Akawaambia wanaume wenzake, "Kumbe alikuwa mwanaume wa kutosha." Tangu siku hiyo hajanywa tena wala kunigombeza. Kila Jumapili anapalilia lile kaburi. Alimdharau mwanawe alipokuwa hai, akampenda ndugu yako alipokufa. Nilipomsomea barua yako alisema mtu asiguse kaburi la mwanawe, yeye alipima kwa macho yake. Hatasaini. Nimemwomba siku kumi. Anasema huyo wenu wa mkono uliovunjika atakuwa mwanamke.

Lakini fomu yako nimeisoma vizuri, mimi nimejua kusoma kwa kufuta ubao. Imeandikwa "ndugu wa karibu". Haikusema baba. Nimesaini mimi. Nilimzaa mimi, na nilimzaa mdogo. Fomu iko humu ndani.

Nina swali moja. Huko mnakokwenda kumtembelea mnamwita kwa jina la ndugu yako. Mpaka nije kumchukua, kuna mtu yeyote anayeweza kumwita vizuri? Miezi yote hii hakuna aliyemwambia hata pole kwa jina lake.

Mama Punje

—

7 Novemba

Mdogo wangu,

Nakuachia barua hii mezani kwa kuwa umelala, na sitaki kukuamsha baada ya safari ndefu uliyokuja nayo. Basi langu la wilaya linaondoka alfajiri. Nina fomu zote mbili, na Mpimaji amesema atanipokea na kunipeleka kwa mkono wake hadi dirisha la vibali. Ukihitaji kuniandikia, andika kwake, atanifikishia.

Dawa za mama ziko kwenye kopo la chai, mbili asubuhi, moja jioni. Akitaka kwenda makaburini mbebe, sasa ni mwepesi. Usimwambie chochote. Nikirudi na kibali nitapiga magoti na kumwambia mwenyewe, nikiwa na Ngazi mkononi. Sitaki asikie kwamba hanaye bila kusikia papo hapo kwamba anaye. Nimepata pia jina la yule kijana, anaitwa Punje. Ukifika pale, msalimie kwa jina hilo, kimya kimya, mama asisikie. Mama yake ameomba.

Mwombe Mungu ofisi isije na neno "njoo kesho".

Dada

—

13 Novemba

Dada,

Mama amefariki jana saa kumi alasiri. Naandika hili kwanza ili usilitafute katikati ya maneno mengine. Najua dirisha la vibali lilikwambia njoo Jumatatu, Mpimaji alinitumia ujumbe. Hukuchelewa wewe, ofisi ndiyo iliyochelewa.

Juzi alitaka nimbebe kwenda makaburini. Nilimweka kwenye kile kiti chake, nikajifanya naangalia nyasi, nikainama na kumwambia yule kijana kwa sauti ya chini, "Habari, Punje." Mama akageuka. Akauliza, "Ndilo jina lake?"

Nikamwuliza, jina la nani. Akasema, "La huyu asiyejaza sanda." Kisha akaniambia nikae chini, na tukazungumza mpaka baridi ikaingia. Alijua tangu siku ile mlipoipanga mifupa. Alisema, "Nimezaa watatu, mnadhani sijui urefu wao?" Nilimwuliza kwa nini basi alikubali tuzike, kwa nini alikuwa anakuja kila jioni. Akasema huyu mtoto hakuwa na mtu hapa, na mtu hawezi kulala ugenini bila hata mmoja wa kumwambia pole. Na kwa Ngazi alilia nyumbani, chumbani, uso ukutani, ili usimsikie.

Kuhusu wewe alisema, "Dada yako naye anajua. Usimwambie kwamba mimi najua, atakosa la kunifichia, na hicho ndicho kinachomwamsha asubuhi." Nimekaidi, nakwambia. Tumefichana vya kutosha katika nyumba hii.

Jana asubuhi alishindwa kuamka. Maneno yake ya mwisho yenye maana nimeyaandika nyuma ya pakiti ya dawa ili nisiongeze langu. Alisema, "Msinizike karibu na yule kijana. Mama yake atakuja kumchukua, na mkimfukua mtanisumbua. Niwekeni upande ule wa ukuta. Kitambaa kilichobaki kiko kabatini, kiungeni na kingine. Na ubavuni mwangu mwachieni Ngazi nafasi. Ndefu."

Barua hii nampa kondakta wa basi la leo amfikishie Mpimaji. Tunamzika kesho ukija au usipokuja, hali ya hewa hairuhusu zaidi. Kitambaa nimekitoa, kimekunjwa vizuri, chaki yako bado iko pembeni. Kaburi la mama wachimbaji wameshachimba. Wanataka kujua nafasi ya pembeni waiache ya urefu gani, na mmoja akasema, mwanamke ni futi tano na kidogo, inajulikana. Nimewaambia wangoje. Sikutaka kukisia, na daftari lako nimelifungua nikakuta ukurasa umekatwa. Mwombe Mpimaji akurudishie karatasi ya Mwashi, uje nayo.

Mdogo wako